Nimempeleka baba Kalenga, akavua viatu mlangoni. Hivi kichwa cha Mkwawa kiendelee kukaa kwenye kioo?

#1 Binti Kihesa

Kamwene wadau.

Kuna jambo limenikaa moyoni tangu Jumamosi. Nimelileta hapa kwa sababu humu kuna watu wa Iringa, kuna walimu, na kuna wa upande wa Usangu ambao najua hawatasema ninachotaka kusikia.

Baba yangu alikuwa dereva wa malori. Zaidi ya miaka 30 alikuwa anapanda na kushuka barabara ya Zambia, Dar mpaka Tunduma na kuvuka. Lugalo ameipita mara zisizo na hesabu. Lakini Kalenga, penye makumbusho ya Mkwawa, yule mtawala wa Wahehe, ambako ni kama kilomita 15 tu kutoka Iringa mjini, hajawahi kukanyaga. Nimekuja likizo nikamwambia baba, safari hii twende. Akakubali, ila akataka tutoke asubuhi na mapema.

Jengo la makumbusho ni dogo, usije na picha ya jumba la Dar. Nje pana makaburi ya Chifu Sapi, mtoto wa Mkwawa, na Chifu Adam Sapi, mjukuu, yule aliyekuja kuwa Spika wa Bunge. Baba alisimama pale kwanza. Kisha tukaelekea mlangoni, kijana wa pale akatukaribisha, mimi nikatangulia. Nageuka, baba simwoni. Narudi namkuta ameinama anafungua kamba za viatu. Kijana akamwambia mzee pita tu, hapa hatuvui. Baba akamjibu bila hata kuinua uso: "Maiti hajazikwa, mimi naingiaje na viatu?" Soksi akazisokomeza ndani ya viatu, viatu akavipanga ukutani, akaingia peku kwenye ile sakafu ya baridi.

Ndani kuna mikuki, ngao, marungu na bunduki za zamani. Na kuna sanduku la kioo, ndani yake fuvu lenye tundu la risasi. Baba hakuligusa lile sanduku. Aliweka mikono nyuma, akainamisha kichwa kidogo, akasema "Kamwene, mtwa," yaani alimsalimia mtawala. Akanyamaza. Nimeishi na baba yangu miaka yote, sijawahi kumwona amenyamaza namna ile hata kwenye misiba ya ndugu zake.

Kwa wasiojua, nieleze kwa kifupi. Tarehe 17 Agosti 1891, Wajerumani chini ya Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo, walikuwa wanapanda kuja Uhehe. Walikuwa na askari kama 320 na wapagazi 170 hivi. Njiani walikuwa wanachoma vijiji. Walipofika Lugalo, penye mawe na vichaka, msafara umejivuta kama nyoka na mizinga bado imefungwa migongoni mwa punda, Wahehe wakatoka mafichoni na mikuki. Ilichukua dakika chache tu. Zelewski alikufa na Wajerumani wenzake 9, na askari zaidi ya 200. Bunduki kama 300 zikaingia mikononi mwa Mkwawa. Kambi ya jeshi ya Lugalo na ile hospitali ya jeshi pale Dar, jina limetoka huku kwetu. Nimekaa Dar miaka 12, nimepita pale kila siku nikiwa kwenye daladala, na sijawahi kusikia abiria mmoja akilitaja hilo.

Wajerumani walirudi miaka 3 baadaye wamejipanga. Ngome ya Kalenga ikaanguka tarehe 30 Oktoba 1894. Mkwawa akatoroka, akapigana vita vya porini karibu miaka 4. Waliahidi rupia 5,000 kwa atakayemleta. Tarehe 19 Julai 1898, kule Mlambalasi, doria ya Sajini Merkl ilikuwa imekaribia. Wakasikia mlio wa bunduki, wakafika wakakuta miili miwili. Mkwawa alikuwa amejipiga risasi mwenyewe ili asishikwe akiwa hai. Wakamkata kichwa, wakampelekea mkubwa wao, Tom von Prince, na baadaye kichwa kikaenda Ujerumani.

Sasa swali langu. Mtu huyu alikataa kushikwa mpaka akautoa uhai wake. Wakamshika akiwa amekufa. Kichwa kikakaa ughaibuni zaidi ya miaka 50, kikarudi 1954, kikawekwa kwenye kioo. Kiwiliwili kimezikwa Mlambalasi. Mimi naona muda umefika kichwa kiende kikalale na mwili wake, na pale Kalenga kibaki kifani chake kwa ajili ya wageni na wanafunzi. Mnaonaje? Ninauliza nikitaka kujua kweli, baba anasubiri niwasomee majibu.

#2 Ndiuka Road

Naweka kambi hapa. Msalimie mzee, mwambie viatu amevivua kwa niaba ya wengi.

#3 Mwalimu Mafinga

Dada, nimesoma hadi mwisho na nimeguswa, lakini sikubaliani nawe, na nitasema kwa nini.

Nimefundisha historia sekondari kwa miaka mingi. Kila mwaka napeleka vijana Kalenga. Darasani nikiwaambia Mkwawa alikatwa kichwa, wanaandika kwenye daftari kama wanavyoandika mvua ya milimita kadhaa kwenye jiografia. Wakisimama mbele ya kile kioo, kelele zinakufa. Kijana wa kidato cha 2 anaona lile tundu na anaelewa mwenyewe, bila mimi kuongeza neno. Ukimwekea kifani cha plasta atakuuliza, "Mwalimu, la kweli liko wapi?" Na miaka 50 ijayo atatokea mtu aseme hizi zilikuwa hadithi za wazee.

Halafu tujue kilirudije, maana hakikurudi kwa hisani. Kimeandikwa kwenye Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ule uliofunga Vita Kuu ya Kwanza. Kifungu cha 246 kinaitaka Ujerumani irudishe vitu viwili: msahafu wa Khalifa Uthman uliochukuliwa Madina, na fuvu la Sultani Mkwawa, na walipewa miezi 6. Hebu fikiria, mataifa yamekaa mezani kugawana dunia na jina la mtu wa Kalenga limo. Wajerumani wakasema hawana. Ikapita miaka zaidi ya 30. Ndipo gavana wa Tanganyika, Edward Twining, akaenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen mwaka 1953. Tarehe 19 Juni 1954 akamkabidhi Chifu Adam Sapi pale pale Kalenga.

Kwa hiyo wakati anakabidhiwa, mwenye haki ya kuamua alikuwepo. Alikuwa mjukuu wa damu, na kichwa kikahifadhiwa Kalenga. Sisi ni nani tumpangie?

#4 Jiwe la Gangilonga

Mwalimu umesema vizuri ila umeruka pale penye ugomvi. Bremen kulikuwa na mafuvu 2,000. Yaliyoandikwa kuwa yametoka Afrika Mashariki ya Wajerumani ni 84. Twining alijuaje lipi ni la Mkwawa? Alipima mafuvu, akalinganisha na vipimo vya ndugu wa ukoo walio hai, akabakiwa na machache, na kati ya hayo akachukua moja lenye tundu la risasi. Basi. Siku hizo hapakuwa na kipimo cha vinasaba.

Mimi ni mzaliwa wa Iringa, Mkwawa ni wangu kama alivyo wenu. Lakini kabla hatujajadili kuzika au kutozika, tupime kwanza. Ukoo upo, fuvu lipo, kaburi lipo.

#5 Mkulima wa Ismani

Na ukipima ukakuta siye, utamrudisha Bremen? Huyo naye ni mtoto wa mtu. Alitolewa kwao bila ruhusa kama Mkwawa. Tena hao wengine 83 mbona hakuna anayewauliza?

#6 Jiwe la Gangilonga

Hapo kwenye 83 umenishika. Sikuwahi kuliwaza hivyo.

#7 Msangu wa Utengule

Nimeusoma uzi wote kwa heshima. Sasa mnipe na mimi heshima hiyo hiyo.

Kwetu Usangu, jina la Mkwawa halileti machozi ya namna hiyo. Mnajua kwa nini kuna Utengule mbili? Moja iko bondeni Usangu, nyingine iko kwa Wasafwa, karibu na Mbalizi. Wahenga wetu walisukumwa na Wahehe, tangu enzi za Munyigumba, baba yake Mkwawa, mpaka chifu wetu Merere akahamia huko milimani kwenye ardhi ya watu wengine, akajenga ngome ya mawe. Bibi yangu alikuwa akituchapa watoto tukicheza vita halafu mmoja akajiita Mhehe. Wabena nao wana yao, Wagogo nao wana yao. Ndiyo maana Merere aliungana na Wajerumani. Kwenye vitabu anaitwa msaliti. Kwetu alikuwa mtu anayetaka kurudisha watu wake nyumbani, na kweli walirudi bondeni.

Sisemi Mjerumani alikuja kwa wema. Alitutumia, kisha akatutawala wote. Ninachosema ni kwamba makumbusho ya Kalenga yanasema uhuru, uhuru, na mimi nikiingia mle najiuliza uhuru wa nani. Mle ndani kuna mikuki. Mingine ilituchoma sisi kabla ya kumchoma Zelewski.

#8 Mwalimu Mafinga

Msangu, ulichosema ni kweli tupu na darasani hatukisemi. Niongeze kitu ambacho kitawauma Wahehe wenzangu: wakati wa Majimaji, 1905, Uhehe kwa sehemu kubwa haikuinuka. Wako wa kwetu waliobeba mikuki upande wa Mjerumani. Miaka 7 tu tangu Mlambalasi. Mtu akishapigwa vile, akanyang'anywa ng'ombe, akamwona hata Mpangile, ndugu wa Mkwawa, anatawazwa na Mjerumani leo na ndani ya miezi michache ananyongwa na Mjerumani huyo huyo, sijui angepata wapi nguvu ya kuinuka tena.

Na wale askari wa Zelewski waliolala pale Lugalo wengi walikuwa Wasudani na Wazulu, watu waliochukuliwa mbali na kwao. Mnara wa Lugalo ulijengwa kuwakumbuka Wajerumani.

#9 Binti Kihesa

Msangu wa Utengule, asante. Nimemsomea baba ulichoandika, neno kwa neno. Alikaa kimya kitambo, akasema nikujibu hivi: "Mwambie nimepakia mpunga Usangu miaka mingi, nimelala kwao, nimekula kwao, hawakuniuliza babu yako alikuwa nani." Akaongeza kwamba akija mtu wa Usangu Kalenga, naye aelezwe ya Merere ndani ya chumba kile kile, siyo nje.

Hilo na mimi naliunga mkono. Yawekwe ukutani. Kuwe na ramani inayoonyesha Munyigumba alifika wapi, Wasangu walikimbilia wapi. Heshima ya Mkwawa haitapungua kwa hilo.

#10 Wa Lizaboni

Nipo Songea. Naomba niwaletee la kwetu maana linahusiana.

Tuna Makumbusho ya Majimaji hapa. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa 67 wa Kingoni hapa Songea, akiwemo Inkosi Mputa Gama, wakawazika kaburi moja. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake, alinyongwa baada yao na kuzikwa peke yake. Kichwa chake kilichukuliwa. Mpaka leo ninavyoandika hapa hakijarudi. Kila Februari tunakwenda, tunaweka mikuki na mashada juu ya kaburi la mtu ambaye hajakamilika.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alikuja akasimama hapa hapa, akakutana na ukoo, akaomba msamaha. Nilikuwepo, mbali kidogo, nyuma ya kamba. Watu walisikiliza kwa adabu. Mama mmoja mzee pembeni yangu alikuwa anauliza kwa sauti ndogo, "Amekuja nacho? Amekuja nacho?" Mwanawe akamwambia hapana mama, amesema watakitafuta. Yule mama akakaa chini kwenye majani, hakusimama tena mpaka hotuba ikaisha.

Kwa hiyo nyie wa Iringa mnapobishana kioo au kaburi, sisi tunawatazama tu. Mnacho cha kubishania.

#11 Ndiuka Road

#10 umenitoa machozi nikiwa kazini.

#12 Kilolo Juu

Nakazia hapo pa vita na uhuru, maana watu wa Iringa wakisikia uhuru wanamfikiria Mkwawa peke yake. Huku Kilolo kuna Mgagao. Miaka ya 1970 ilikuwa kambi ya wapigania uhuru wa ZANU waliokuwa wanajifunza vita ya kumng'oa Smith kule Rhodesia. Mwaka 1975 maofisa wao waliandika tamko pale pale, Tamko la Mgagao, lililokuja kubadilisha uongozi wa chama chao. Zimbabwe ikapata uhuru tarehe 18 Aprili 1980, na sehemu ya njia hiyo ilipita kwenye baridi ya Kilolo.

Marehemu mama yangu alikuwa akiwauzia viazi na njegere. Alijifunza maneno machache ya Kishona na alikuwa akiyatumia kutubembeleza tulale. Mimi nilikua nikidhani ni Kihehe cha zamani. Nimekuja kujua nikiwa mtu mzima, nilipokaa na Mzimbabwe kwenye basi, nikamtamkia, akanigeukia na kuniuliza nimefundishwa na nani.

Sasa hayo yote hayana chumba. Waliowauzia viazi wanakufa mmoja mmoja. Kabla ya kumhamisha Mkwawa, naomba tumtafutie Mgagao angalau ukuta mmoja na picha 10.

#13 Mama Uyole

Mimi nataka kuwapeleka watoto wa shule yetu ya Jumapili, tunatoka Mbeya. Tukiwa na Coaster tutaweza kuona Kalenga na Mlambalasi siku moja? Na watoto wa miaka 8 wataogopa kuona fuvu?

#14 Mwalimu Mafinga

Siku moja inawezekana kama mtalala Iringa usiku wa kuamkia. Mkiwa mjini msiliache Boma la Iringa, lile jengo la Kijerumani la mwaka 1914 ambalo tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa. Muanzie pale, watoto wapate mwanga wa maisha ya watu wa mkoa huu kwanza, ndipo muende Kalenga. Wa miaka 8 waambieni kabla hawajaingia. Akiambiwa mapema haogopi. Anayeogopa ni yule aliyesukumwa ndani bila kujua atakutana na nini.

#15 Binti Kihesa

Nimerudi wadau. Nilichelewa kwa sababu baba alisema hatajibu mtu yeyote mpaka afike Mlambalasi. Tumekwenda jana.

Ni njia ile ile ya kwenda hifadhi ya Ruaha, halafu unachepuka. Kutoka mjini hesabu kama kilomita 50. Mama Uyole, Coaster kiangazi itafika, masika ulizeni kwanza. Bebeni maji ya kutosha. Ni sehemu ya miamba mikubwa, majabali yamelaliana kama magunia yaliyomwagwa, na ukimya wake si wa kawaida. Kaburi lipo. Unaelewa kabisa kwa nini mtu aliyechoka, mgonjwa, aliyebaki na kijana mmoja tu, angechagua kujificha pale.

Tulianzia Kalenga kwa makusudi. Baba, kwa mazoea yake ya kazi, alinifanya nirudishe kipima kilomita kwenye sifuri mbele ya mlango wa makumbusho. Njia nzima hakuangalia mbuyu wala ng'ombe, alikuwa anaangalia zile namba zinavyopanda. Tulipozima gari Mlambalasi akaisoma, akaisoma tena, akashuka. Safari hii hakuvua viatu. Alisema aliyezikwa amepumzika, hana haja ya hofu yetu.

Nikamuuliza, baba, sasa unasemaje, kizikwe? Msimamo wangu mnaujua, na sijauacha, ila namweka baba mbele. Alisema yeye si wa ukoo wa Mkwawa na hana kauli juu ya kichwa cha mtu. Lakini alitaka niandike mambo mawili na nisiyabadilishe. La kwanza, yule mama wa Songea aliyekaa kwenye majani, mtu wa Lizaboni amtafute amwambie kuna mzee Iringa anamwombea. La pili, kile kibao cha Kalenga kiandike na umbali.

Nikasema umbali gani baba? Akasema kutoka hapa mpaka pale. Mgeni akishatazama kichwa, asome kwamba mwili uko zaidi ya kilomita 30 kutoka hapo, na njia ya kufika ni hii. Atakayeguswa ataenda.

Wa Lizaboni, tafadhali nijibu kama mama huyo bado yupo.

#16 Wa Lizaboni

Yupo. Ni jirani wa shangazi yangu. Jumapili nitampitia.